Kufungua simu kwa alama ya kidole

Kufungua simu kwa alama ya kidole ni njia ya kuondoa kufuli la simu janja kwa kuweka kidole juu ya kihisi. Kihisi hicho hulinganisha mistari ya ngozi na kumbukumbu iliyohifadhiwa ndani ya simu. Njia hii ni ya haraka kuliko kuandika namba ya siri, lakini hushindwa mara kwa mara kidole kinapokuwa na maji, baridi au kimechakaa kwa kazi. Hushindwa pia wakati simu inachajiwa, hasa ikiwa imelazwa juu ya chaja isiyo na waya.

Mara nyingi hitilafu hizo hazitokani na ubovu wa simu. Chanzo chake huwa hali ya ngozi, umeme unaotoka kwenye chaja, joto, au namna simu ilivyowekwa, na mtumiaji anaweza kuziondoa mwenyewe bila fundi.

## Historia

Matumizi ya alama za vidole kumtambua mtu ni ya zamani kuliko simu. William Herschel, afisa wa Kiingereza nchini Uhindi, alianza mwaka 1858 kuchukua alama za mikono kwenye mikataba huko Bengal. Mwaka 1880 daktari Henry Faulds aliandika katika jarida la *Nature* kwamba alama za vidole zinaweza kusaidia kuwatambua wahalifu, na mwaka 1892 Francis Galton alitoa kitabu juu ya somo hilo.

Katika Afrika Mashariki alama za vidole zilijulikana kwanza kwa uchungu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, serikali ya kikoloni ya Kenya iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kitambulisho kilichoitwa *kipande*. Ndani yake ziliwekwa alama za vidole pamoja na kumbukumbu za ajira za mhusika.

Kwenye simu, kihisi cha alama za vidole kilionekana katika aina chache tu kabla ya mwaka 2013. Mojawapo ilikuwa Motorola Atrix ya mwaka 2011. Njia hii ilienea hasa baada ya Apple kutoa iPhone 5s mnamo Septemba 2013, na baadaye ikaingia katika simu za bei ya kati na za bei nafuu. Mwaka 2018 kampuni ya Vivo ilitoa simu yenye kihisi kilichofichwa chini ya kioo, na mwaka 2019 Samsung Galaxy S10 ilikuja na kihisi cha chini ya kioo kinachotumia mawimbi ya sauti.

## Jinsi inavyofanya kazi

Ngozi ya ncha ya kidole ina matuta membamba na mifereji kati yake. Mpangilio wake huumbika kabla ya mtoto kuzaliwa, na hata mapacha wanaofanana hawana alama zilizo sawa. Kihisi hutafuta sehemu ambapo tuta linaishia au linagawanyika, kisha kulinganisha nafasi za sehemu hizo na kumbukumbu.

Simu haihifadhi picha ya kidole kama ile inayopigwa kwa wino. Huhifadhi muhtasari wa kihesabu katika sehemu ya siri ya kompyuta yake ndogo, na programu za kawaida haziwezi kuufikia.

Kuna aina tatu kuu za vihisi:

* Kihisi cha umeme kina maelfu ya kapasita ndogo sana. Tuta la ngozi linapogusa uso wa kihisi huongeza uwezo wa kapasita kushika chaji ya umeme, ilhali mfereji wenye hewa hauongezi kwa kiasi hicho. Aina hii hukaa kwenye kitufe cha mbele, mgongoni mwa simu, au kwenye kitufe cha kuwashia kilicho ubavuni.
* Kihisi cha mwanga hukaa chini ya kioo. Kioo humulika kidole, na kamera ndogo iliyo chini yake huchukua taswira.
* Kihisi cha mawimbi ya sauti nacho hukaa chini ya kioo. Hutuma mawimbi yasiyosikika kwa sikio la binadamu, kisha hupima mwangwi unaorudi kutoka kwenye matuta na mifereji.

Kila aina ina udhaifu wake. Kihisi cha umeme husumbuliwa na maji, ngozi kavu na umeme usiotulia. Kihisi cha mwanga husumbuliwa na uchafu, mikwaruzo na jua kali. Kihisi cha sauti husumbuliwa na kioo cha kinga chenye nafasi ya hewa chini yake.

## Kuchaji bila waya

Chaja isiyo na waya ni kibao ambacho simu hulazwa juu yake. Ndani ya kibao mna koili ya waya wa shaba inayopitisha mkondo wa umeme unaobadilika mwelekeo haraka sana. Mkondo huo huzaa uga wa sumaku unaobadilikabadilika, na uga huo huzaa mkondo mwingine katika koili iliyo mgongoni mwa simu. Kanuni hii iligunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831, na ndiyo inayotumika pia katika transfoma za umeme.

Mfumo unaotumika zaidi kwenye simu unaitwa Qi. Unasimamiwa na muungano wa makampuni ulioanzishwa mwaka 2008, na viwango vyake vya kwanza vilitolewa mwaka 2010. Nokia Lumia 920 ya mwaka 2012 ilikuwa miongoni mwa simu za mapema kuutumia, na Apple iliuanza mwaka 2017. Simu nyingi za bei nafuu hazina koili hiyo, kwa hiyo haziwezi kuchajiwa kwa njia hii.

## Kwa nini kidole hakisomwi wakati wa kuchaji

Mahali pa kihisi. Simu yenye kihisi mgongoni haiwezi kufunguliwa kwa kidole ikiwa imelala juu ya kibao, kwa kuwa kihisi kimefunikwa. Mtumiaji akiinyanyua, koili mbili hutengana na kuchaji hukoma. Asipoirudisha mahali pake sawasawa, simu inaweza kukaa usiku kucha bila kujaa.

Pembe ya kidole. Watu wengi husajili kidole wakiwa wameishika simu mkononi, na sehemu ya kati ya dole gumba ndiyo inayogusa kihisi. Simu ikiwa imelazwa mezani, kidole hufika kwa mshazari na kugusa kwa ncha tu. Sehemu hiyo ya ngozi huenda haimo kabisa katika kumbukumbu ya simu.

Umeme usiotulia. Chaja hugeuza umeme wa ukutani, ambao nchini Tanzania ni wa volti 230, kuwa wa volti chache. Chaja duni huacha mtikisiko mdogo wa umeme upite hadi kwenye simu. Mtikisiko huo ukiingiliana na vipimo vya kapasita, kihisi huona taswira yenye ukungu. Dalili yake ni kioo "kucheza" au kujibonyeza chenyewe, na wakati mwingine mtu huhisi kama anatekenywa anapogusa sehemu ya chuma. Tatizo hili huonekana zaidi kwenye chaja ya waya, lakini kibao kinacholishwa na adapta mbovu nacho kinaweza kulileta. Inveta za bei nafuu zinazotumiwa na mitambo ya umeme wa jua pia huweza kuwa chanzo, kwa sababu hazitoi wimbi laini la umeme.

Simu kutoshikwa. Simu inaposhikwa, mwili wa mtu husaidia kutuliza vipimo vya umeme. Ikiwa imelala juu ya plastiki na kuguswa kwa ncha ya kidole kimoja, msaada huo haupo. Ndiyo maana simu ileile inaweza kugoma ikiwa mezani na kukubali mara tu inapochukuliwa mkononi.

Joto. Sehemu ya nguvu inayopita kati ya koili hupotea kama joto. Simu ikipata joto sana hupunguza kasi ya kuchaji na ya kazi zake nyingine, na kioo kinaweza kuchelewa kuitikia. Kidole chenye jasho juu ya kioo cha moto husomeka vibaya.

Kava na vyuma. Kava nene, pete ya chuma ya kushikia simu, au sarafu iliyosahaulika kati ya simu na kibao hudhoofisha kuchaji na kuongeza joto. Kioo cha kinga kisichobandikwa vizuri huzuia mwanga au sauti kufika kwenye kidole.

## Mikono na hali ya hewa: mfano wa Usambara

Hali ya hewa na kazi za mikono huathiri sana usomaji wa kidole. Milima ya Usambara katika Mkoa wa Tanga ni mfano mzuri. Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Miezi ya Juni hadi Agosti huwa na baridi, na ukungu hushuka mara nyingi asubuhi.

Mwili ukipata baridi, mishipa midogo ya vidole hujibana na jasho hupungua. Ngozi huwa kavu na ngumu, na kihisi cha umeme hukosa unyevu kidogo kinaouhitaji. Mtu anayeamka alfajiri na kugusa simu iliyolala juu ya chaja hukutana na matatizo mawili kwa pamoja: kidole chake ni baridi, na simu imelazwa. Kinyume chake, simu iliyotoka nje kwenye ukungu na kuingizwa jikoni penye moto hupata matone madogo ya maji juu ya kihisi. Maji hujaza mifereji ya ngozi, na kihisi hushindwa kutofautisha tuta na mfereji.

Wakulima wengi wa Usambara hulima kabichi, karoti, nyanya, viazi mviringo na maharage kwenye miteremko, na kuna mashamba ya chai. Mpini wa jembe, udongo na mawe husugua matuta ya ngozi. Utomvu wa mimea hukauka juu ya vidole na kuziba mifereji. Katika tambarare chini ya milima, upande wa Korogwe, maji ya majani ya mkonge huwasha na kuchubua ngozi. Waashi nao huathirika kwa saruji, ambayo hukausha ngozi na kuipasua.

Mboga za Lushoto huuzwa hadi Dar es Salaam, na mkulima hutumia simu kuulizia bei na kupokea malipo. Simu isipofunguka wakati mnunuzi anasubiri jibu, mkulima hupoteza biashara. Wengine kwa kuchoshwa na usumbufu huondoa kufuli lote, na hapo simu ikiibwa hubaki wazi kwa yeyote.

Matuta yaliyosuguliwa na kazi kwa kawaida hurudi ngozi ikipumzika, kwa kuwa mpangilio wake unatokana na tabaka la ndani zaidi. Kovu la jeraha refu au la kuungua linaweza kubaki. Wazee huwa na ngozi iliyopoteza mvutano wake, na baadhi ya dawa za saratani, kama vile capecitabine, zinaweza kufuta alama za vidole kwa muda.

## Kutafuta chanzo cha tatizo

Njia bora ni kubadilisha jambo moja kwa wakati, kisha kujaribu tena. Hatua zifuatazo zimepangwa kuanzia iliyo rahisi:

1. Kuondoa simu kwenye chaja. Ikifunguka mara moja, chanzo ni kuchaji au mkao wa simu. Ikigoma vilevile, chanzo ni kidole, kihisi au programu.
2. Kuishika simu mkononi bila kuichaji, kisha kuilaza mezani bila chaja. Ikigoma mezani pekee, tatizo ni pembe ya kidole au simu kutoshikwa.
3. Kubadilisha adapta au soketi. Ikiwa kibao kinafanya kazi vizuri kwa adapta nyingine, ile ya kwanza iachwe. Adapta inayomtekenya mtu isitumike tena.
4. Kuvua kava na kuondoa vyuma. Simu iachwe ipoe dakika chache kabla ya kujaribu tena.
5. Kuosha na kukausha mikono. Kama ngozi ni kavu, mafuta kidogo ya kupaka husaidia, lakini yaachwe kwanza yanyonywe na ngozi. Katika baridi, kusugua viganja au kuvipulizia pumzi hutosha mara nyingi.
6. Kufuta kihisi au kioo kwa kitambaa laini na kikavu.
7. Kuzima simu na kuiwasha, kisha kuweka sasisho la programu kama lipo. Baada ya kuwashwa, simu hudai namba ya siri kwanza. Huo ni utaratibu wa kawaida.
8. Kufuta alama ya zamani na kusajili upya. Usajili ufanywe simu ikiwa nje ya chaja na mikono ikiwa safi. Kidole kiguse kwa ncha, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia na katikati.

Simu nyingi huruhusu kusajili vidole kadhaa. iPhone zenye kihisi huruhusu hadi vitano. Mtu anayefanya kazi za mikono hufaidika akisajili kidole kisichosuguliwa sana, kwa mfano kidole cha pete cha mkono usioshika jembe. Baadhi ya simu huruhusu pia kidole kilekile kusajiliwa mara mbili: mara moja mkono ukiwa na joto mchana, na mara ya pili asubuhi ukiwa na baridi.

Simu yenye kihisi mgongoni inafaa kuchajiwa kwa waya ikiwa mtumiaji anahitaji kuifungua mara kwa mara. Kwa simu yenye kihisi chini ya kioo, kibao kinachoisimamisha huwezesha kidole kufika kwa pembe nzuri zaidi.

## Wakati wa kumwona fundi

Kama simu haisomi kidole chochote, cha mtu yeyote, na hata menyu ya kusajili alama imetoweka kwenye mipangilio, kihisi chenyewe huenda kimeharibika. Hali hii hutokea mara nyingi baada ya simu kuanguka, kuingia maji au kubadilishwa kioo. Kioo kisicho cha asili huenda kisiruhusu mwanga upite inavyotakiwa, na vihisi vingi vya chini ya kioo huhitaji kurekebishwa upya baada ya matengenezo.

Kwenye iPhone zenye kihisi katika kitufe cha mbele, kitufe hicho kimeunganishwa kwa siri na bodi kuu ya simu. Kitufe kutoka simu nyingine hakiwezi kusoma kidole, hata kama kinabonyezeka. Mwaka 2016 jambo hili lilizua malalamiko katika nchi mbalimbali, baada ya simu zilizotengenezwa na mafundi wasio wa Apple kuzimika zilipowekewa programu mpya. Apple ilitoa sasisho la kuzirejesha, ingawa usomaji wa kidole haukurudi.

## Tofauti na usajili wa laini

Nchini Tanzania, usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza rasmi tarehe 1 Mei 2019. Alama ya mteja hulinganishwa na kumbukumbu za Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA), kwa kutumia namba ya kitambulisho yenye tarakimu 20. Mwisho wa usajili ulikuwa umepangwa kuwa tarehe 31 Desemba 2019, lakini Rais John Magufuli aliongeza muda hadi tarehe 20 Januari 2020. Baada ya hapo, laini ambazo hazijasajiliwa zilianza kufungwa.

Usajili huo na kufuli la simu ni vitu viwili tofauti. Alama inayofungua simu hubaki ndani ya simu na haipelekwi NIDA wala kwa kampuni ya simu. Kwa hiyo, simu kukataa kidole hakumaanishi kwamba laini imefungwa, na kusajili upya kidole kwenye simu hakubadilishi usajili wa laini.

Kinachofanana ni ngozi yenyewe. Mtu ambaye vidole vyake vimechakaa anaweza kupata shida kwa wakala kama anavyoipata kwenye simu yake. Kuosha mikono, kuipumzisha na kujaribu kidole kingine husaidia kotekote. Uhindi, katika mfumo wake wa vitambulisho uitwao Aadhaar, huchukua pia alama za mboni za macho, ili kidole kisiwe njia pekee ya kumtambua mtu.

## Usalama

Alama ya kidole haiwezi kubadilishwa kama namba ya siri. Mnamo Septemba 2013, siku chache baada ya iPhone 5s kuanza kuuzwa, wataalamu wa klabu ya Chaos Computer Club ya Ujerumani walionyesha kwamba kihisi chake kinaweza kudanganywa kwa nakala ya alama iliyopigwa picha kutoka kwenye kioo. Mnamo Oktoba 2019 iligundulika kwamba Samsung Galaxy S10 iliyovikwa baadhi ya vifuniko vya silikoni ilifunguka kwa kidole cha mtu yeyote. Kihisi kilikuwa kimesoma michoro ya kifuniko badala ya ngozi, na Samsung ilitoa sasisho la kurekebisha kasoro hiyo. Tukio hilo linaonyesha kwamba kidole kisisajiliwe wakati kihisi kimefunikwa na kifuniko kisichofaa.

Kwa sababu hizo simu zote zenye kihisi hudai pia namba ya siri, nywila au mchoro wa siri. iPhone huidai baada ya kidole kukataliwa mara tano, baada ya kuzimwa na kuwashwa, na baada ya kukaa saa 48 bila kufunguliwa. Anayetegemea kidole peke yake na kuisahau namba hiyo anaweza kufungiwa nje ya simu yake kabisa. Namba ya kufuli la simu isiwe sawa na namba ya siri ya huduma za pesa kama M-Pesa, ili anayejua moja asiweze kufungua zote mbili.

## Tazama pia

* Alama za vidole
* Simu janja
* Lushoto
* Milima ya Usambara
* Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa
* M-Pesa